Mwanafunzi Asiyeonekana Nyumbani

Ndugu msomaji, hebu tuingie pamoja katika nyumba moja ya mfano huko Kamachumu, wilayani Muleba. Ni saa tatu za usiku. Chakula kimekwisha kuliwa, vyombo vimeoshwa, na watoto wanagombania blanketi. Mama wa nyumba hiyo, mwalimu wa shule ya sekondari mwenye umri wa miaka 38, ameketi mezani akiwa ameinamia kishikwambi. Mumewe anapita mara ya kwanza, ananyamaza. Anapita mara ya pili, anakohoa. Mara ya tatu anashindwa kuvumilia, anasema: "Mama watoto, hicho kidude chako hakina mwisho?"

Mama huyo hachezi wala hapigi soga. Yumo darasani. Yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anasomea shahada ya ualimu wa sayansi na kompyuta kwa njia ya intaneti, na usiku huo anatakiwa kukamilisha zoezi ambalo halitapokelewa tena ikipita saa sita. Lakini hana sare, hana daftari kwapani, wala hapandi basi kwenda shuleni. Machoni pa watu wa nyumba yake, yeye ni mtu aliyeshika kidude tu. Mwanafunzi yumo nyumbani, ila haonekani. Nami nina hakika kwamba kutoonekana huko kunaweza kumwangusha mtu mzima hata pale ambapo masomo yenyewe yasingemshinda.

Kwanza tukitazame chuo chenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993, na mwaka 1994 kikaanza kufundisha. Fikra hiyo haikuwa ngeni duniani. Uingereza ilikianzisha chuo chake huria mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1971, wakifundishwa kwa vitabu vilivyopelekwa kwa posta, kwa redio na kwa televisheni. Chuo chetu nacho kilianza kwa vitabu vilivyochapishwa. Leo mihadhara, maandiko na mazoezi mengi hupitia kwenye intaneti. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini vituo vimetawanywa mikoani, na kituo cha Kagera kipo mjini Bukoba. Kwa hiyo mwalimu wa Muleba, Nshamba au Kamachumu anaweza kusoma akiwa kazini, bila ya kuacha darasa lake, kibanja chake wala watoto wake.

Msomaji mwingine atauliza: mtu mwenye kazi na watoto ajisumbue kwa nini? Jibu liko katika shule zetu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kumalizika. Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika shuleni, mitaala inayotilia mkazo ujuzi wa kazi na matumizi ya teknolojia. Wengi wetu wa rika hili tulisoma katika shule ambazo kompyuta, kama ilikuwako, ilikuwa moja tu, nayo ilifunikwa kitambaa ofisini kwa mkuu wa shule. Kupewa jembe si kujua kulima. Mtoto wa leo anamhitaji mwalimu anayeweza kumweleza jinsi programu inavyotungwa, na kwa nini mashine hutoa jibu baya ikipewa maelezo mabaya. Mwalimu huyo hatashuka kutoka mbinguni. Atatoka miongoni mwa walimu tulio nao, watakaokubali kurudi kuwa wanafunzi.

Na kurudi darasani ukubwani si jambo geni katika mkoa huu. Ulipokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Mwanza, Mara na Shinyanga, iliyotumiwa katika mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO tangu mwaka 1968 hadi 1972. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mwaka 1970 ukatangazwa nchini kote kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na mwaka 1974, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau, kanda hii ikapata gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Jina hilo peke yake lilikuwa somo.

Sasa angalia tofauti, ndugu msomaji. Mzee aliyekwenda kwenye kisomo wakati ule aliondoka nyumbani kwake mchana kweupe, daftari mkononi. Jirani alimwona, mke alijua atarudi saa ngapi, na watoto walimcheka kidogo kisha wakazoea. Kijiji kizima kilijua kwamba saa hiyo mzee yuko shuleni, na hakuna aliyemwita akashike mbuzi. Mwanafunzi wa intaneti amepata chuo kikuu, lakini amepoteza mlango wa kutokea. Kwa kuwa yuko nyumbani, kila mtu humhesabu kuwa ana nafasi.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifanya kazi Bukoba, nilijiandikisha kusomea shahada kwa njia ya masafa. Fedha za ada nilizichota katika akiba ya mabati ya nyumba yetu, na mke wangu sikumwambia neno. Nilijidanganya kwamba nitamshangaza siku ya mahafali. Ukweli ni kwamba niliona haya: nikishindwa, ni nani atajua? Basi kila usiku nikawa najifungia na simu, mlango ukifunguliwa naigeuza kioo chini. Watu wazima mnaosoma safu hii mmekwisha kuelewa mke wangu aliwaza nini.

Miezi minne tuliishi hivyo. Alipunguza maneno, nami nikaudhika kwamba ananinyima utulivu wa kusoma. Juma la mtihani alinitaka tusafiri kwenda kwao, kwenye shughuli ya familia, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Nilikwenda. Mtihani ukanipita, na ada ikapotea. Mambo yote yalipofichuka, mke wangu hakugomba kwa ajili ya mabati. Alisema hivi: "Baba watoto, ungeniambia unasoma, ningekupigania hata mbele ya mama yangu. Mimi nilidhani napigana na mwanamke."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko mhadhara wowote. Kwa hiyo leo napenda kuwashauri wale wanaotaka kuanza, na zaidi wale wanaoishi nao.

La kwanza ni kikao cha nyumba. Kabla shilingi moja haijalipwa, mume na mke wakae, watoto wakubwa wawepo, na jambo lielezwe kinagaubaga: nataka kusoma nini, miaka mingapi, kwa fedha zipi, na kazi gani za nyumbani zitahamia kwa nani. Hapa akina baba tusijidanganye. Baba akisoma, husoma saa moja ya jioni, akisubiri chakula. Mama akisoma, husoma saa nne ya usiku, baada ya kukipika chakula hicho na kukiondoa mezani, macho yakiwa mazito. Wote wawili hulipa ada ileile na hufanya mtihani uleule. Haki ni ipi, kama si kumpunguzia mama huyo mzigo mapema jioni?

La pili ni fedha, na ada ni sehemu yake tu. Kuna bando za intaneti. Kuna nauli ya kutoka Muleba hadi Bukoba, kiasi cha kilometa 70, kila panapokuwa na mtihani au jambo la kufuatilia kituoni, na pengine malazi ya usiku. Kuna mazoezi ya kufundisha, ambayo hakuna mwalimu anayeyakwepa, kwa kuwa ualimu haukamiliki mbele ya kioo. Lazima usimame mbele ya watoto, na mkaguzi akuone. Zaidi ya hayo, anayesomea teknolojia hawezi kutegemea simu siku zote. Kusoma maandiko kwa simu kunawezekana, lakini kuandika programu kunataka kompyuta yenye kibodi. Kama kompyuta mpakato haijapatikana, muombe mkuu wa shule nafasi ya kutumia ya shule baada ya saa za kazi, na umwombe mapema. Katika Chuo Huria ada hukadiriwa kwa masomo unayoyasajili, hivyo mwenye mshahara mdogo anaweza kuanza na masomo machache. Mwenye kibanja naye apange mbele: fedha za kahawa huja kwa msimu, lakini mtihani hausubiri msimu.

La tatu ni uhalali. Intaneti ina vyuo vya kweli, na ina wafanyabiashara wa vyeti. Kabla ya kujiandikisha, hakikisha kwamba chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo kila mwaka hutoa mwongozo wenye sifa za kujiunga. Kama chuo ni cha nje ya nchi, uliza kwanza TCU kama tuzo yake itatambuliwa. Tazama pia sifa zako. Mwenye stashahada ya ualimu ana njia yake, na aliyekwisha kupata shahada ya kompyuta bila ya ualimu anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu. Na aliyeajiriwa amwarifu mwajiri wake kwa maandishi tangu mwanzo.

La nne ni mazingira yetu. Mvua za Bukoba tunazijua: radi hupiga mara moja, na umeme huondoka. Huko visiwani Bumbire na Goziba, mwalimu hutegemea mtandao uamke vizuri. Kwa hiyo asiache kazi mpaka saa ya mwisho. Siku mtandao unapokuwa mwepesi apakue masomo ya juma zima, achaji vifaa vyake umeme ungalipo, na zoezi alipeleke siku mbili kabla. Atafute pia wenzake wawili au watatu wanaosoma somo hilohilo, wakutane Muleba mjini au Bukoba walau mara moja kwa mwezi. Mtu anayesoma peke yake huamini kwamba ni yeye tu asiyeelewa.

Na la tano, ambalo kwangu ndilo kubwa: fanya masomo yako yaonekane. Chagua meza moja, hata kama ni ile ya chakula. Chagua saa moja, na saa hiyo ijulikane na wote. Ratiba ya mitihani ibandikwe ukutani, palipo na kalenda. Wakwe na ndugu waambiwe. Hapa kwetu msiba hauna ratiba, na hakuna anayemtaka mwanafunzi asizike. Lakini vikao vya harusi vya kila Jumapili vinaweza kupokea mchango wake na kumsamehe kikao. Watu watakuheshimu ukiwaeleza. Usipowaeleza, watakuona mwenye majivuno.

Faida nyingine huja bila ya kutafutwa. Mtoto anayemwona mama yake akikosea hesabu, akafuta, akaanza tena saa tatu ya usiku, hahitaji hotuba juu ya bidii. Hapo meza moja huwa ya wanafunzi watatu, na taa moja ikawatosha wote.

Kwangu mimi, nimejiandikisha tena mwaka huu. Safari hii mke wangu ndiye aliyeihesabu ada, na ratiba ya mitihani ameibandika yeye mwenyewe jikoni, juu ya debe la unga, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii asiyefika. Juzi jirani alikuja kuniita tukatazame mpira. Kabla sijafungua kinywa, mtoto wangu wa miaka saba alikwisha kumjibu mlangoni: "Shikamoo, baba yuko shuleni."

Nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni, mezani. Jirani akaniona, akacheka, akaondoka. Basi wewe unayeishi na mwanafunzi wa namna hii, mwangalie vizuri usiku wa leo. Kabla hujamuuliza kidude hicho kitakwisha lini, muulize mtihani ni lini.