Mara Ngapi? Swali Ambalo Mgonjwa wa Kisukari Ana Haki ya Kujibiwa



Juma lililopita tulikuwa darasani tukijifunza vielezi vya idadi: mara moja, mara nyingi, mara tatu kwa siku. Nilipomwomba kila mmoja atunge sentensi, msichana mmoja alisimama akasema, "Baba yangu hupimwa sukari mara moja kwa mwezi." Kisha akauliza, "Mwalimu, je, inatosha?" Sarufi ya sentensi yake haikuwa na kasoro. Swali lake ndilo lililonikosesha jibu, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Alitueleza kwamba siku mbili kabla ya kwenda kliniki, baba yake huacha chai yenye sukari na kupunguza matoke na wali. Asubuhi ya siku yenyewe hufika akiwa hajala, hutobolewa kidole, nambari huonekana nzuri, na kila mtu huridhika. Jioni yake mambo hurejea yalivyokuwa. Mzee huyu anafanya yale mnayoyafanya ninyi mnapokesha usiku mmoja kabla ya mtihani baada ya kulala muhula mzima. Tofauti ni kwamba ninyi mnahatarisha alama, naye anahatarisha macho, figo na miguu yake.

Maoni yangu ni haya: hakuna idadi moja ya vipimo inayomfaa kila mgonjwa, lakini kila aliyeambiwa kwamba ana kisukari anastahili kuondoka kliniki akiijua idadi yake na sababu yake.

Yafaa kwanza tutofautishe vipimo viwili. Kipimo cha kidole huonyesha sukari iliyomo katika damu wakati huo tu. Kipimo kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa kuwa sukari hushikamana na hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Siku mbili za kujinyima haziwezi kukihadaa. Miongozo mingi ya tiba hushauri kipimo hiki kifanywe angalau mara mbili kwa mwaka kwa mtu ambaye sukari yake imetulia, na kila miezi mitatu kwa yule ambaye hajafikia lengo lake au aliyebadilishiwa dawa. Kwa watu wazima wengi, lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari anaweza kulilegeza kwa mzee au mwenye maradhi mengine. Mwenye selimundu, ugonjwa usio mgeni hapa Uganda, amweleze daktari mapema, kwani kwake kipimo hiki huweza kupotosha.

Je, kidole kitobolewe mara ngapi? Jibu hutegemea matibabu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, anayeishi kwa insulini, hupaswa kupima kabla ya milo na kabla ya kulala, yaani mara nne kwa siku au zaidi, maana kiasi cha dawa atakachojidunga hutokana na nambari anayoiona. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, anahitaji kitu kitamu upesi. Mwenye aina ya pili anayetumia lishe na metformini pekee, kwa kawaida hahitaji kujipima kila siku. Hupima panapokuwa na sababu: amebadilishiwa dawa, ameshikwa na homa, au mwili unamtetemeka. Mjamzito, pamoja na anayemeza vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, huhitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Wapo wasemao kwamba kupima sana ndiko kujali. Siafikiani nao. Kijiti cha kupimia hutumika mara moja kikatupwa, na familia nyingi hukinunua kwa fedha zao wenyewe. Nambari isiyobadilisha chakula, dawa wala uamuzi wowote ni gharama bure, na huenda fedha hizo zingenunua dawa. Hata hivyo, siwaungi mkono wale wanaosema kwamba asiye na fedha basi asipime. Mgonjwa wa insulini asiyepima ni kama dereva aliyefumba macho.

Hapa ndipo suala la tiba linapogeuka kuwa suala la uraia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka dola ichukue hatua zote zinazowezekana ili wananchi wapate huduma za msingi za tiba. Kwa maoni yangu, kumpa mtu dawa ya maisha bila kumpa njia ya kujua kama inamfaa ni kumpa nusu ya huduma. Tuwaulize wawakilishi wetu, kwa adabu na bila kuchoka, kama kipimo cha HbA1c kinapatikana katika vituo vya afya vilivyo karibu nasi. Shule nazo zimruhusu mwanafunzi mwenye kisukari apime wakati wa masomo bila kujificha chooni. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Basi tusiwe sisi tunaomlazimisha kuficha.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Amuulize mhudumu maswali matatu: nipime mara ngapi? Nipime saa zipi? Nifanye nini nambari ikipanda au ikishuka? Majibu ayaandike daftarini.

Yule msichana nilimshauri amsindikize baba yake kliniki mwezi ujao akiwa na daftari hilo, na amsihi mzee ale siku hizo mbili kama alavyo siku zote. Akirudi, atatutungia sentensi nyingine yenye kielezi cha idadi, na safari hii idadi hiyo itakuwa imetoka kwa daktari.