"Weka Bridged" ni ushauri wa kula bando

Kila nikikaa na vijana wanaojifunza Linux hapa Kisumu nakutana na ushauri ule ule. Mashine pepe haionani na laptopu? "Weka Bridged." Bado? "Ipe anwani isiyobadilika, 192.168.1.50." Bado? "Futa, anza upya." Ndugu msomaji, ushauri huu naupinga, na sababu yangu ya kwanza ni pesa.

Faili ya kusakinisha Ubuntu 24.04 ya mezani inazidi GB 5. Mwanafunzi wa Kondele anayetumia hotspoti ya simu yake, na ambaye faili ameshaifuta ili diski ipate nafasi, unapomwambia "anza upya" unamwambia akanunue bando jingine. Tena kwa tatizo ambalo kusakinisha upya hakuligusi kabisa!

Ushauri huu unafaa ofisini, penye waya na ruta moja isiyohama. Hapo Bridged ni tamu: mashine pepe inaomba anwani kwa ruta kama kompyuta nyingine yoyote, inapewa. Kwenye Wi-Fi ni hadithi nyingine. Wi-Fi imeitambua laptopu kwa anwani yake ya MAC. Mashine pepe ikijitokeza na MAC ya pili mgongoni mwa laptopu hiyo hiyo, mara nyingi hukataliwa, au VirtualBox ifanye ujanja wa kubadilisha MAC njiani. Na hiyo 192.168.1.50 imetoka wapi? iPhone hugawa anwani za 172.20.10, na simu nyingi za Android za miaka ya nyuma ziligawa za 192.168.43. Kijana umempa anwani ya mtaa asiokaa.

Kabla ya kugusa chochote, andika ip addr ndani ya mashine pepe, usome. Ukiona 10.0.2.15 uko kwenye NAT ya VirtualBox na hakuna kilichoharibika. Intaneti inatoka kupitia 10.0.2.2. Laptopu haiwezi kuingia kwa sababu NAT ndivyo ilivyo, mlango wa kutokea, mpaka uelekeze porti. Mashine mbili zikionyesha 10.0.2.15 zote, msipige kelele za mgongano, kila moja ina ruta yake ya kubuni. Na Windows ikionyesha 169.254, iliomba anwani, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe.

Najua nitaambiwa anayeanza hahitaji haya yote. Jamani, huyo anayeanza ndiye kesho ataachiwa seva ya zahanati au ya chama cha wavuvi huko ufukweni. Atafuta hiyo pia?

Dawa ni adapta mbili. Zima mashine pepe. Adapta ya kwanza iache NAT, kwa ajili ya intaneti. Ya pili iwe Host-only: kwa kawaida laptopu huwa 192.168.56.1, na mashine pepe hupata anwani ya 192.168.56 vilevile. Mtandao huo umo ndani ya laptopu yenyewe. Ibebe kutoka Kondele hadi Dunga, badilisha simu, stima ipotee na ruta izimike, mashine zako bado zinaonana. Ubuntu ya seva huenda ikaiacha adapta ya pili bila anwani hadi uitaje kwenye faili ya netplan, mistari miwili tu, kisha sudo netplan apply.

Mwenye hoja ya kutetea Bridged kwenye hotspoti ya simu ailete, ila aje na ip addr yake mkononi.