Kosa Si la Spika

Wako vijana wa Eastleigh waaminio kwamba nyumba haina muziki mpaka iwe na spika zinazomfika mtu kiunoni. Wakiona spika ndogo mbili juu ya kabati la vitabu, hucheka. Husema ni za kuchezea watoto, kisha humshawishi baba au kaka mkubwa aziuze kwa bei ya kutupa, na fedha iliyowekwa kwa haja nyingine ipelekwe dukani. Nasema, msomaji, kwamba ushauri huo ni mbaya; na kwa kuwa wewe umekwisha kufundishwa mawimbi ya sauti darasani, huna udhuru wa kuufuata bila kuupima.

Imani hii haikuzaliwa sebuleni. Imezaliwa ndani ya matatu. Kijana apandaye gari la namba 6 au namba 9 kutoka mjini hukaa nusu saa, na zaidi barabara ikizibana, huku kiti kikitetemeka chini yake kwa besi. Ashukapo, sikio lake limezubaa, maana sikio lililokaa katika kelele kubwa hupungukiwa na uwezo wake kwa muda. Akifika nyumbani akawasha muziki wa baba yake, aona unanong'ona, na papo hapo azilaumu spika. Je, ni haki kumhukumu msemaji kwa sababu msikilizaji ametoka kuzibwa masikio?

Sasa kitazame chumba chenyewe. Maghorofa ya Eastleigh ni ya mawe na zege. Sakafu nyingi zina vigae, madirisha ni vioo, na dari ni zege ambalo jirani wa juu hulikanyaga. Ingia sebule kama hiyo kabla haijawekwa vyombo, upige kofi moja, usikilize. Utasikia kofi likirudi kwa mlio mkali kama wa bati. Neno la mwimbaji litokapo katika spika hupatwa na jambo lilo hilo: la kwanza lafika sikioni moja kwa moja, na mengine yalifuata nyuma yakitoka ukutani, hata maneno yakapandana. Weka spika ghali mahali pa spika rahisi. Ukuta utairudisha sauti ghali kama ulivyoirudisha ile rahisi.

Besi ina hila zaidi. Katika joto la nyuzi 20, sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde. Sebule yenye urefu wa mita 4 ina mlio wake yenyewe, unaoamka pale ambapo nusu ya wimbi inalingana na urefu huo: gawanya 343 kwa 8, upate mitetemo 43 hivi kwa sekunde. Sauti ya kiasi hicho ikipigwa humo, chumba huvuma kama mtungi unaopulizwa mdomoni. Karibu na ukuta besi huzidi, na katikati ya chumba karibu itoweke. Spika ndogo nyingi hazina nguvu ya kushuka mpaka huko, kwa hiyo hazikiamshi chumba. Zile kubwa hushuka, zikakiamsha. Basi mwenye nyumba aliyelipa ili apate besi safi hujipatia mngurumo, na mngurumo wenyewe ni mwingi kwa mgeni aliyeketi kwenye kiti kimoja, na kwa mgeni wa kiti cha pili haupo.

Hata hiyo dharau ya udogo haina asili. Mwaka 1954, huko Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya kutengeneza spika ambayo kasha lake limezibwa pande zote, na hewa iliyofungwa ndani ikafanya kazi ya spiringi. Kabla ya hapo aliyetaka besi nzito ilimpasa aweke nyumbani kasha kubwa kama kabati la nguo. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC nao walibuni spika ndogo iitwayo LS3/5A, ili mafundi wa matangazo waitumie ndani ya magari yao, mahali pembamba pasipoingia kubwa. Hawakuibuni kwa ufukara. Fundi aliitegemea imwonyeshe kosa la sauti kabla halijamfikia msikilizaji.

Lakini muuzaji hakuambii habari za Villchur. Yeye hukuonyesha tarakimu zilizochapwa kwenye boksi la sabufa, na ninyi wanafunzi mwazisoma kwa mdomo wazi kana kwamba hamkufundishwa umeme! Boksi likiandikwa wati 10,000, fanya hesabu. Soketi ya nyumba zetu Kenya ina volti 240, na fyuzi kubwa ya plagi yake ni ya ampea 13. Zidisha, upate wati 3,120. Hizo nyingine zitatoka wapi? Kigeuze kifaa nyuma usome kibandiko cha umeme kinachokula. Huenda ukakuta wati 60. Tena hata wati za kweli hazileti kile unachodhani. Ukitoka wati 50 ukaenda 100 waongeza desibeli 3 tu, badiliko dogo. Ili sikio lidhani sauti imekuwa maradufu, yahitajika nguvu mara kumi hivi.

Na ajabu ni hii, kwamba dawa iko mlangoni pako. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni kabla vyumba vyake havijageuzwa maduka katika miaka ya 1990, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 na watu wengi kukimbilia huku. Tangu hapo Eastleigh imekuwa soko ambalo watu hulijia kutoka mbali kutafuta mazulia na mapazia. Mzee wa Kisomali aliyetandika zulia zito, akatundika mapazia marefu, akapanga na mito ya kuegemea ukutani, hakukusudia muziki hata kidogo. Walakini amekitengeneza chumba chake kuliko kijana wa jirani mwenye sabufa. Nyuzi na pamba huimeza sauti ambayo kigae kingeirudisha.

Nisieleweke vibaya: zulia humeza sauti nyembamba, lakini besi huipita kama upepo katika chandarua. Besi yatengenezwa kwa mikono. Itoe spika kwenye pembe, maana kuta mbili na sakafu zikikutana huizidisha. Isogeze mbele hatua moja, kisha sikiliza. Iinue hata kispika chake kidogo, kile cha sauti nyembamba, kiwe sawa na sikio la aliyeketi. Mpango wa stereo, ambao Alan Blumlein aliuombea hataza London mwaka 1931, wataka spika mbili na msikilizaji wafanye pembetatu yenye pande sawa. Nasi twaziweka zote mbili pamoja ubavuni mwa televisheni, kisha twalalamika kwamba hazina upana! Tazama na nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Waya za spika moja zikipinduka, utando wake hurudi nyuma wakati wa mwenzake kwenda mbele, na besi zao huuana. Ni spika ngapi njema zimeuzwa kwa kosa la waya?

Mpinzani wangu atasema fedha ni zake na masikio ni yake. Fedha ni zake, sikatai. Lakini ukuta ni wa watu wawili, na besi ndiyo sauti ipitayo ukuta kwa wepesi kuliko zote. Upande wa pili pana mwuguzi aliyekesha kazini, au mtoto wa kidato cha nne akijiandaa kwa mtihani, na hao hawakuulizwa. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele na mitetemo iliyozidi tangu mwaka 2009, lakini ni aibu jirani kupelekewa askari kabla hajafikiri.

Zipo siku za kununua. Sponji ya kuzunguka utando ikioza na kumeguka, au utando ukichanika, au koili ikiungua, mpelekee fundi. Naye akishindwa, nunua. Uendapo dukani chukua wimbo mmoja unaoujua kila neno, na umtake muuzaji azilinganishe spika zote mbili kwa kiasi kimoja cha sauti, maana sikio la binadamu hupendelea iliyo juu zaidi, na muuzaji alijua jambo hilo kabla yako. Kisha muulize kama atakubali uzichukue nyumbani siku mbili, uzisikilize kati ya kuta zako. Akikataa, ondoka na fedha yako. Duka la mazulia haliko mbali.