Mbwa Hakumnyang'anya Mtoto Dawa

Taja tibakemikali ya mbwa mbele ya watu, na kabla hujamaliza utajibiwa: "Watu wanakufa, ninyi mnatibu mbwa!" Msemaji hujiona mtetezi wa wanyonge. Kwa kweli anawakinga wakubwa.

Tuitazame tiba yenyewe. Mbwa mwenye limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, asipotibiwa kwa kawaida huishi wiki chache tu. Akipewa dawa kadhaa kwa zamu, mara nyingi hupata nafuu na huweza kuishi takribani mwaka mmoja. Dozi yake ni hafifu kuliko ya binadamu, kwa kuwa daktari wa mifugo hulenga siku zisizo na mateso. Kupona kabisa ni nadra.

Ipo saratani nyingine, inayowasumbua zaidi mbwa wanaozurura katika nchi kama zetu: uvimbe wa sehemu za siri, unaoambukizwa wanapopandana. Hii hupona. Sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, huwaponya walio wengi. Hata hivyo, dawa tuliyozoea kuwapa mbwa wa mitaani ni risasi na sumu.

Vinkristini hiyohiyo, iliyotokana na ua lenye asili ya Madagaska, hutibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikikosekana wodini, waulizwe waliopanga bajeti, walioidhinisha manunuzi na waliochelewesha malipo. Mbwa hana saini kwenye hati yoyote kati ya hizo.

Fedha ya umma imtangulie mtoto. Juu ya hilo sina ubishi. Lakini mwenye mbwa hulipa kutoka mfukoni mwake, na mfukoni humohumo hutoka mamilioni ya harusi ambayo hakuna anayeyahesabia maiti. Kwa nini huruma yetu kwa wagonjwa iamke mbwa anapochomwa sindano, kisha isinzie bajeti ya afya inaposomwa?

Anayewahurumia watoto wenye saratani aipeleke hasira yake mahali dawa zinapoagizwa. Akimfokea mwenye mbwa, wodi itabaki bila dawa, na aliyeisababishia upungufu atalala usingizi mnono.