Tamko Kuhusu Kukamatwa kwa Fedha za Ulemavu Benki

Sisi watu wenye ulemavu na walezi wetu, wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani, wengi wetu tukiwa tumefika kama wakimbizi kutoka Kongo, tunatoa tamko hili kwa Hazina ya Marekani, mabunge ya majimbo, kampuni za kukusanya madeni na jumuiya yetu.

Fedha ya ulemavu haikamatwi kwa deni la hospitali, la kadi ya mkopo wala la gari. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliweka kinga hiyo, ambayo leo ni kifungu cha 207. Mwaka 1973, katika kesi ya Philpott dhidi ya bodi ya ustawi ya Kaunti ya Essex, New Jersey, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kinga haikomi fedha zinapoingia benki. SSI, yaani malipo ya serikali kuu kwa wazee na watu wenye ulemavu wenye kipato kidogo, yaliyoanza kulipwa mwaka 1974, inalindwa vivyo hivyo.

Hata hivyo, akaunti zinaendelea kuzuiwa. Bili ya hospitali inauzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, kampuni inafungua kesi, hati ya wito inafika kwa Kiingereza katika nyumba ambayo hakuna anayekisoma, siku za kujibu zinapita, hukumu inatolewa upande mmoja. Kisha benki inaletewa amri ya kukamata fedha. Mwenye akaunti anagundua siku ya kulipa kodi ya nyumba, kadi inapokataa.

Tangu tarehe 1 Mei 2011, kanuni ya Hazina inaitaka benki, kabla ya kutekeleza amri kama hiyo, ipitie miezi miwili iliyotangulia. Malipo ya ulemavu yaliyoingia moja kwa moja katika muda huo lazima yaachwe bila mwenyewe kuomba. Ni kanuni njema, na tunaishukuru. Lakini aliyelipwa kwa hundi akaiweka mwenyewe, haimfikii. Aliyehamishia fedha akaunti nyingine, haimfikii. Malimbikizo yaliyoingia kabla ya miezi hiyo miwili, hayamo. Haki ya hawa haijafutwa, ila wanatakiwa kuidai wenyewe mahakamani, kwa fomu, ndani ya muda mfupi. Anayetakiwa kukimbizana na tarehe hizo huenda haoni, hawezi kutoka kitandani, au ana mtoto asiyeweza kuachwa peke yake hata saa moja. Huo ni mzigo uliowekwa kwenye mabega yasiyostahili.

Mwaka 2025 kiwango cha juu cha SSI ya serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi, na anayeipokea haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kikomo ambacho hakijabadilika tangu 1989. Akaunti ya mtu huyo haina utajiri wa kulipia deni. Anayeikamata anachukua chakula na kodi ya nyumba.

Tunaitaka Hazina iongeze muda huo wa miezi miwili na kulinda pia fedha zilizohamishwa na zilizowekwa kwa hundi. Tunayataka majimbo yamlazimishe mdai kuchunguza chanzo cha fedha kabla ya kuomba amri, na notisi zitolewe kwa lugha anayoielewa mdaiwa. Kampuni za madeni ziache vitisho: sheria ya ukusanyaji wa madeni ya mwaka 1977 inakataza kutishia kuchukua kile ambacho sheria hairuhusu kuchukuliwa.

Kwenu wanajumuiya: matunzo ya watoto na baadhi ya madeni ya serikali kuu yanaweza kukatwa kwenye SSDI, yaani malipo ya ulemavu ya aliyefanya kazi na kuchangia Hifadhi ya Jamii; lakini kwenye SSI, matunzo hayakatwi. Pokeeni malipo moja kwa moja, katika akaunti isiyochanganywa na fedha za watu wengine. Msikubali kwa simu kulipa kidogo kidogo kabla ya kupata ushauri. Barua ya mahakama ikifika, hata kama hamuielewi, msiitupe; ipelekeni siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya msaada wa kisheria na ombeni mkalimani.