Kabla hujauza ng'ombe ununue mashine ya kufunga marobota

Wadau, leo naomba niseme la moyoni kuhusu hizi mashine za mtumba za kufunga majani, zile zinazovutwa na trekta. Msimu wa kuvuna mpunga ukifika huku kwetu Shinyanga, watu wanashikwa na homa ya kuzinunua. Mimi mwenyewe ilinishika.

Mwaka jana dalali alinipigia. "Bosi, kuna mashine imetoka shamba kubwa, haijachoka, milioni 14 tu." Sikuwa na milioni 14. Nilikuwa na ng'ombe, tena siyo wangu peke yangu. Kwenye zizi letu kuna wa mzee, kuna wangu, na kuna wale waliotengwa kwa ajili ya mahari ya mdogo wangu. Kwa bei ya mnada ilibidi watoke kama 14 kati ya 31. Nilipomweleza mzee akaniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, unauza ng'ombe ununue mashine ya kulisha ng'ombe?" Niliona hanielewi, nikaondoka nimenuna. Usiku nikachukua daftari.

Kosa langu, na naona ni la wengi, nilikuwa naweka bei ya mashine upande mmoja na bei ya kuuza marobota upande wa pili. Robota 4,000, zidisha kwa elfu moja, milioni 4 hiyo hapo! Lakini marobota nilikuwa nayapata hata bila mashine. Tunatumia boksi la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Unatandika kamba mbili, unajaza majani, unakanyaga kwa miguu, unafunga, unanyanyua boksi. Kwenye ekari 8 za mpunga tulipata marobota 430. Vijana niliwalipa 500 kwa robota, jumla 215,000.

Kwa hiyo hiyo 215,000 ndiyo mashine ingeniokolea kwa msimu, na hapo nimejifanya kwamba dizeli ni bure na trekta ninayo. Gawanya milioni 14 kwa 215,000. Miaka 65.

Nikamwambia dalali, akacheka. Akasema bosi, utafanya kazi za watu, utatoza kwa robota. Sawa, tupige na hiyo. Tuseme natoza 1,500, dizeli na kamba na dereva na spea vinakula 800, nabaki na 700. Kurudisha milioni 14 natakiwa nifunge marobota 20,000. Nikitaka irudi ndani ya misimu mitatu ni karibu 6,700 kila msimu, yaani zaidi ya ekari 120 za watu wengine, wote wanasubiri nifike kabla ng'ombe wa jirani hawajaingia shambani. Weka namba za kwenu uone, zangu ni za kwangu.

Wenzetu wa Geita wanalijua hili vizuri kwenye makarasha. Anayekula hela ya karasha ni yule aliyeliweka sehemu ambayo wachimbaji wengi wanaleta mawe yao, anatoza na marudio yanabaki kwake. Aliyenunua karasha akitegemea duara lake mwenyewe, duara likikata, chuma kinabaki kuota kutu huku anadaiwa.

Halafu kuna jambo ambalo hesabu peke yake isingenionyesha. Mpunga wetu uko kwenye majaruba. Kila baada ya hatua chache kuna kingo, na mashine hii imetengenezwa kwa shamba tambarare ambalo trekta inaenda moja kwa moja huku meno yanaokota majani yaliyolazwa kwa mstari. Kwenye jaruba dogo utageuza mpaka uchoke, na ukivuka kingo meno yanachota udongo. Na ngitili je? Ngitili zetu, ambazo mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulisaidia sana kuzirudisha, zina miti na visiki, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Trekta inapita wapi? Isitoshe, mashine yenyewe haikati majani. Unahitaji ya kukata na reki ya kukusanya, na dalali hakutaja hata moja.

Sisemi mtu asinunue kabisa. Kama una eneo tambarare la majani ya kupanda, au mko kikundi chenye trekta na wateja waliokwisha kukubali kwa maneno na kwa hela ya utangulizi, nenda. Ila nenda na fundi, na mkatae kuiona imesimama tu. Waambie wafunge marobota 20 mbele yenu. Shida kubwa ya hizi mashine iko kwenye kifaa cha kupiga fundo, kikichakaa linatoka robota linalofunguka ukilinyanyua. Angalia pia boliti inayotakiwa kukatika mashine ikizidiwa. Ukikuta wameweka boliti ngumu ya kawaida au wamechomelea, ujue mashine imeumia ndani. Ondoka.

Na kamba chukua ya katani. Kwa miaka mingi katani ya Tanga ilikwenda nje kwa kazi hii hii ya kufunga marobota, mpaka plastiki ilipoingia. Ng'ombe akimeza plastiki ni hasara yako.

Mimi nilichofanya: niliuza ng'ombe wawili wangu, wa mdogo wangu sikuwagusa. Nikajenga banda la mabati lenye chaga ya miti ili robota lisikae chini, nikatengeneza maboksi mengine mawili, nikanunua majani ya majirani ambayo mengine walikuwa wanayachoma. Juni huku robota halina thamani, kila mtu ana majani. Septemba na Oktoba, wenye ng'ombe wa maziwa pale Kahama na wale wanaonenepesha kwa mashudu ya pamba wanakutafuta wenyewe. Faida yangu iko kwenye hiyo miezi mitatu ya kusubiri, na inayosubiri ni banda.

Dalali amenipigia tena juzi. Mashine bado ipo, imeshuka mpaka milioni 11. Nimemuuliza kama anaweza kuileta kwenye majaruba yetu tuifanyie majaribio siku moja, dizeli natoa mimi. Bado nasubiri jibu. Kama kuna mdau wa Kahama, Kishapu au Geita ameshaitumia kwenye majaruba, atuambie alitumia lita ngapi kwa ekari na fundo zilishika ngapi.