Mwenye Duka wa Makupa, Andika Jina Lako

Na Mwanaisha Bakari

Tovuti nyingi za wafanyabiashara wetu wadogo hazina mwenyewe. Ziwe za fundi samani wa Makupa au za mshonaji wa Mji wa Kale, zimefanana mno hata ukizibadilishia majina hutajua. Juu pana picha ya watu wa ng'ambo waliovaa suti, chini yake Kiingereza kikavu kinachoahidi huduma bora kwa wote. Jina la mwenye duka halipo, bei haipo, na mahali duka lilipo pameandikwa sanduku la posta. Mteja aliye Kisauni au Muscat amwamini nani hapo?

Jibu lilishapatikana zamani, Biashara Street hapa Mombasa. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Kanga ni nguo ya kiwandani. Kwa miaka mingi zilichapwa India na kwingineko ng'ambo, zikaletwa hapa kwa meli. Zingeweza kuwa bidhaa isiyo na uso wala kauli. Lakini mfanyabiashara alitia chapa yake kwenye kitambaa, na pindoni yakachapwa maneno ambayo watu wa Pwani wenyewe wanaambiana: ya mapenzi, ya husuda, ya shukrani, ya kumpiga jirani fumbo. Mpaka leo mama akifungua doti husoma jina la kanga kabla hajakubali kuinunua.

Kwa hiyo, kama kanga ilivyotoka kiwandani ng'ambo, si aibu tovuti kujengwa kwa kiolezo kilicho tayari, kwani fundi mdogo hana fedha za kuanza upya. Kosa ni kukiacha kiolezo vile kilivyokuja.

Picha ni rahisi. Simu uliyo nayo inatosha. Piga asubuhi mlango ukiwa wazi, onyesha kitanda ambacho hakijapakwa vanishi na mikono inayokipiga randa. Usimpige mteja picha bila idhini yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda, na adabu ilimlinda kabla ya sheria. Zipunguze uzito picha hizo, kwa sababu anayezifungua anatumia bando lake.

Lugha ndiyo inayoniuma. Mtu anayekupokea dukani kwa salamu ndefu, akakuuliza hali ya mama na watoto, akakueleza tofauti ya mvule na mkangazi mpaka ukaelewa kwa nini bei zinapishana, akifika mtandaoni anakuwa bubu. Mwambie anayekutengenezea tovuti akurekodi ukizungumza na mteja, kisha aandike maneno hayo hayo. Kiingereza kiwepo kwa anayekihitaji, lakini kifuate nyuma. Hata mtalii anayetoka Fort Jesus anaitafuta Mombasa. Hakusafiri kote huko kuja kusoma maneno aliyoyaacha kwao.

Maelezo ya njia nayo yawe kama tunavyoelekezana: teremka raundabauti ya Makupa, shika Jomo Kenyatta Avenue kama unayekwenda Mwembe Tayari. Kisha utaje msikiti au duka la dawa lililo karibu nawe.

Bei wengi wanaificha kwa kuwaogopa washindani. Mshindani wako anaijua tayari, alishamtuma mtu kuja kuuliza. Asiyeijua ni mteja, naye akiona imefichwa atadhani unapanga bei kwa kumtazama mtu uso. Andika walau inapoanzia. Na hakikisha jina linalotokea mteja akilipa kwa M-Pesa ni lile lile lililo kwenye tovuti, maana watu wametapeliwa mno mtandaoni na jina tofauti linatosha kumkimbiza mtu. Sifa za kujitungia, ukajiandikia kwa majina ya wateja wasiokuwepo, ni uongo kama uongo mwingine wowote wa sokoni, na mji huu ni mdogo.

Ndugu zangu wafanyabiashara, msingoje mpate fedha za tovuti mpya. Wiki hii andikeni kwenye hiyo mliyo nayo jina la mwenyewe, saa za kufungua, saa mnayofunga Ijumaa kwa ajili ya swala, na nambari ya simu ambayo mtaipokea wenyewe.